Mpaka Bi Nimwaka Aseme Geuza

Ni mimi niliyemfanya Mejumaa azungumze. Nilikana jambo hili kwa miaka mingi, tena nilikana kwa ustadi: kwa kucheka, kwa kukunja uso, kwa kuuliza "Mejumaa gani?" ilhali nilijua hata rangi ya viatu vyake. Nilikana mbele ya watoto, mbele ya wakubwa wangu, na mara moja mbele ya mama yangu mzazi, ambaye alinitazama kidogo kisha akaendelea kupepeta mchele. Sasa nimestaafu, mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu magoti yangu yalikataa kupanda ngazi ya rafu. Nyinyi vijana mliobaki pale kaunta mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani mlitarajia habari za mpangilio wa rafu na dawa ya mchwa. Dawa ya mchwa nitawapa. Lakini kazi yangu bora kabisa sikuifanya ndani ya maktaba. Niliifanya huku Ukunda, kwenye benchi la nyuma la duka la katuni la Mbwana, kwa mkasi wa kukatia kucha.

Nianze na siku ya kwanza, maana kila mstaafu huanza hapo na mimi sina sababu ya kujifanya tofauti. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, mafunzo ya ukutubi, na msimamo juu ya kila kitu. Mtu wa kwanza kufika kaunta yangu alikuwa mkulima kutoka Kikoneni. Alinisalimia vizuri, akauliza kama tuna kitabu kinachoeleza kwa nini mikorosho yake inakauka kuanzia juu. Nilimletea historia ya kilimo barani Afrika, majuzuu mawili. Aliyashika, moja kila mkono, akayapima uzito kama anayenunua samaki.

"Binti yangu," akasema, "mikorosho itakuwa imekwisha kabla sijafika katikati."

Aliyaacha juu ya kaunta akaenda zake. Niliyarudisha rafuni na sikumbuki kama yalishuka tena. Somo la siku hiyo ni hili: mtu akikuuliza swali, mpe kitu kinacholingana na swali lake, si kinacholingana na elimu yako. Ilinichukua muda mrefu kulielewa, na nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa na haja hata kidogo ya kunifundisha.

Tatizo letu kubwa wakati huo lilikuwa watoto. Hawakuja. Tulikuwa na chumba chao, viti vidogo vya rangi, na bango lenye twiga anayesoma. Shule zilipofungwa jioni watoto walipita mbele ya mlango wetu kwa makundi, wakikimbia, wala hawakugeuza shingo. Mkuu wangu akanituma nifuatilie wanakokwenda. Niliwafuata kama askari kanzu mwenye viatu visivyofaa, mpaka kwenye kichochoro nyuma ya fundi viatu. Huko nilikuta kibanda cha mabati kilichoezekwa makuti juu ya mabati, ili joto lipungue, na ndani yake watoto wamebanana kwenye mabenchi mawili, kimya kama wako msikitini.

Mwenye duka alikuwa Mbwana. Kabla ya hapo alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Wageni walipoondoka waliacha vyumbani mafuta ya jua, kandambili za mguu mmoja, na vitabu vya katuni: vya Kijerumani zaidi, vya Kiitaliano vingi kiasi, na mara chache vya Kifaransa. Wenzake walichukua mafuta. Mbwana alichukua katuni. Alipoacha kazi ya hoteli alikuwa na magunia yake, na wenzake waliobaki wakaendelea kumletea.

Hakuna mtu aliyeweza kuzisoma, Mbwana mwenyewe akiwemo. Alisimama mbele ya mabenchi, akafungua ukurasa, akabuni. Alikuwa na sauti ya kila mtu: ya jambazi, ya polisi, ya mbwa. Ila hakuwa na kumbukumbu.

"Jana ulisema huyu ni mjomba wake!" mtoto mmoja alipiga kelele siku ile ya kwanza.

"Nani kasema?"

"Wewe! Leo umemfanya mwenye nyumba!"

"Mjomba hawezi kuwa na nyumba?" Mbwana akajibu, lakini benchi zima lilikuwa limeshaanza kuzozana. Ndipo akaniona mlangoni na mkoba wangu na beji yangu ya kazi. "Bi Maktaba, karibu. Wewe si umesoma? Hebu waandikie hawa maneno yasiyobadilika, nipumzike."

Nilimwambia kwamba mimi ni mkutubi, na kwamba kubandika maneno yako juu ya kitabu cha mwingine ni kukiharibu. Nilieleza kwa kirefu, kwa istilahi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akanipa kitabu kimoja, akasema nikajaribu tu nyumbani, nikishindwa haitakuwa aibu. Huyo ndiye mwalimu wangu. Hayo maneno mawili, "nikishindwa haitakuwa aibu", yalinikosesha utulivu wiki nzima. Najua si maneno mawili. Mimi si mtu wa hesabu.

Sasa niwape ya ufundi, maana haya hamtayakuta kwenye mafunzo yenu. Gundi: unga wa muhogo, upikwe mwepesi kama uji wa mgonjwa, halafu uongezewe maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Bila mwarobaini mende watakula kazi yako kabla haijakauka, na mchwa watakuja kumalizia. Karatasi: upande mweupe wa mitihani ya zamani, kwa sababu si nzito na haipitishi wino wa chini. Chora kwanza umbo la kile kiputo cheupe kinachotoka mdomoni mwa mtu wa katuni, likate kwa mkasi wa kucha, maana mkasi mkubwa haujui kona. Pima kabla ya kupaka gundi. Weka simu mbali. Yangu iliangukia kwenye sufuria ya gundi siku moja, na tangu hapo haisikiki sikioni. Nikitaka kuzungumza na mtu ni lazima niiweke kwa spika, mtaa wote usikie. Sijabadilisha. Inanifunza kusema kwa adabu.

Halafu kuna suala la nafasi. Kijerumani kina viputo vikubwa, kwa hiyo watu wa katuni za Kijerumani katika Kiswahili changu ni watu wa maneno mengi, wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani hata wakiwa wamenyoosheana bastola. Waitaliano wana viputo vidogo. Hao wangu husema "Haya", "Toka", "Basi". Watoto wa Ukunda walikua wakiamini kwamba Waitaliano ni watu wakavu wasiopenda mazungumzo, na wale walioajiriwa hotelini baadaye walipata mshtuko.

Sauti za ndani ya picha sikuweza kuzibadilisha, zilichorwa pamoja na moshi. Bunduki za Kijerumani hulia "PENG". Kwa hiyo mpaka leo, ukipita vichochoro fulani ukakuta watoto wanacheza vita, mmoja atakuelekezea kijiti aseme "Peng!" na mwenzake ataanguka.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa theluji. Ukurasa mzima mweupe, watu wamevaa makoti. Nitawaelezaje theluji watoto wanaotoka jasho wakiwa wamekaa? Nikaamua kwamba weupe ule ni mchanga wa Diani na makoti yale ni homa. Mji mzima uliingiwa na homa. Ilifanya kazi vizuri mno. Ilibidi nimbadilishe mtu wa posta kuwa daktari ili wapate wa kuwahudumia, na kila barua aliyoigawa ikawa dawa. Kesi ya pili ilikuwa soseji. Mtu anakula soseji mchana, jua limewaka, na sisi tuko katikati ya Ramadhani. Mama mmoja alikuja dukani kulalamika kwamba mtoto wake amemuuliza kwa nini Mejumaa hafungi. Nilirudi nyumbani nikaongeza kiputo: "Alhamdulillahi, safari hii imenichosha, na msafiri ana ruhusa yake." Na soseji ikawa muhogo wa kuchoma. Mama akaridhika. Naamini aliendelea kuja kusoma baada ya hapo kwa kisingizio cha kukagua.

Na Mejumaa mwenyewe? Alikuwa mwanamke wa katuni za Kijerumani, mwembamba, nywele fupi, koti jekundu, ambaye katika kila kitabu aliingia kwenye nyumba za watu kupitia dirishani akiwa na mfuko. Nilimtazama nikaona ni mjane anayerudisha vitu vilivyoibiwa. Anaingia kimya, anakirudisha kikombe cha fedha mahali pake, anatoka, hataki shukrani. Polisi wanamfukuza kwa sababu polisi hawaelewi. Na kila anapobanwa kwenye kona, kila mtu anapomtazama kana kwamba hayupo, husema, "Usinifanye pazia." Maneno hayo nilidhani nimembunia yeye tu.

Katika duka la Mbwana kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kitabu kimoja kilisomwa na benchi zima, na ukurasa haukugeuzwa mpaka msomaji wa polepole kuliko wote aseme "Geuza." Hata awe nani. Wenye haraka walingojea, wakaanza kutazama picha upya, na kwa hivyo wakaona vitu ambavyo wasingeviona. Na msomaji wa polepole kuliko wote, kwa miaka yote ninayoikumbuka, alikuwa Bi Nimwaka.

Bi Nimwaka aliuza viazi vya karai mwanzoni mwa kichochoro. Aliingia dukani siku moja kukwepa mvua, akakaa mwisho wa benchi, na mvua ilipokatika hakutoka. Hakuwa amesoma shule. Alianza kwa kutazama midomo ya watoto wakisoma, baadaye akaweka kidole chini ya maneno, baadaye akawa anasoma. Kidole chake kilikuwa na mafuta ya viazi. Mkiviona vitabu vile mtajua alipopita. Vijana walimtania.

"Bi, tutazeeka hapa!"

"Zeekeni. Mnakimbilia wapi, mna mgonjwa?"

Kisha, wakati wake ulipofika, bila kuinua macho: "Geuza." Na ukurasa ukageuka kwa mlio mmoja, kama nguo inayokunjuliwa.

Siku moja alirudi Rama, kijana aliyelelewa kwenye benchi lile, ambaye alikuwa ameongoza watalii ufukweni mpaka akajua Kijerumani sawasawa. Alichukua kitabu cha Mejumaa, akainua kona ya karatasi yangu kwa ukucha, akasoma ya chini. Akainua nyingine. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikijifanya nasubiri mtu.

"Jamani," Rama akasema. "Huyu si mjane. Huyu ni mwizi."

Akainua kona ya tatu.

"Nawaambia ukweli. Kwenye Kijerumani anaiba. Hivyo vikombe harudishi, anachukua. Jina lake si Mejumaa. Na hiyo si homa, ni baridi."

"Rama," akasema Mbwana, "rudisha karatasi ulipoitoa."

"Lakini imeandikwa!"

"Imeandikwa na nani?" akauliza Bi Nimwaka.

"Na Wajerumani wenyewe, Bi. Waliomchora."

Bi Nimwaka akausogeza ukurasa karibu, akamtazama Mejumaa dirishani, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. "Mtu mwenye nia ya kuiba hatazami namna hii," akasema. "Wamemsingizia. Basi, geuza."

Rama alibishana kidogo, halafu akabaki kusoma mpaka duka likafungwa, na kabla ya kuondoka akaomba gundi. Sijawahi kupata uhakiki bora kuliko ule, na nimesoma uhakiki mwingi, mwingine niliuandika mwenyewe.

Mtajiuliza kwa nini nilikana. Sababu ni ya kawaida kabisa: nilikuwa na cheo, sitasema kipi, na nilikuwa nikizungumza kwenye semina juu ya ubora wa machapisho. Mtu mmoja mwema alipoleta kitabu cha Mejumaa maktabani kama zawadi, nilipoona mwandiko wangu umelala juu ya kaunta yangu, niliingiwa na hofu. Nilikikataa. Na ili nisikatae kwa aibu, nilikataa kwa kanuni. Nikaandika, kwa lugha niliyojivunia sana, kwamba maktaba yetu haipokei chapisho lililobandikwa maneno juu ya maneno ya asili. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuonekana mwenye haki, nikaongeza: isipokuwa mwandishi wa nyongeza hizo ajulikane na athibitishe yeye mwenyewe. Nililala usingizi mzuri. Nilijua hatajitokeza.

Kwa muda mrefu hakuna aliyehitaji kanuni hiyo. Mwaka huu, mimi nikiwa nimeshastaafu, Mbwana akanipigia simu. Kiwanja kilikuwa cha marehemu mzee mmoja. Warithi wameuza, na mnunuzi anataka kujenga. Duka liondoke kabla ya wiki kwisha. Mbwana mwenyewe alikuwa anahamia Kikoneni, kwenye shamba la ndugu yake.

"Kuna mikorosho," akaniambia. "Ila nasikia inakauka kuanzia juu."

Nilimwomba asiniulize kitabu.

Alikuwa ameshapata mtu wa kuvichukua vitabu vyote: kijana wa Nairobi aitwaye Kevo, anayepamba mkahawa mpya wa Diani. Kevo alitaka kuvikata kurasa, azibandike ukutani toka sakafuni mpaka darini, vyooni pia, na kupaka vanishi juu yake. Mbwana hakupenda, lakini aliona hana njia. Kikoneni hana chumba kisichovuja. "Afadhali ukutani kuliko kufungia kachiri za muhogo," alisema, na nilisikia sautini kwamba alikuwa amejiambia hivyo mara nyingi kabla hajanipigia.

Wasomaji walipopata habari walikuja mmoja mmoja, watu wazima sasa: waendesha bodaboda, mpishi wa hoteli, mwalimu wa chekechea. Wengine walitaka kupiga kelele, wengine walitaka kuchanga wapangishe chumba, mmoja alitaka kumshtaki mtu ila hakujua nani. Aliyeuliza swali la maana ni Bi Nimwaka.

"Ukutani," akasema, "mtu atageuzaje?"

Nilikwenda maktabani.

Mkuu wa maktaba sasa ni Saumu, mnamjua. Nilimfundisha kazi mimi. Alinipokea kwa "Shikamoo, Mama" na kiti kizuri, nikaitikia marahaba, nikaeleza shida: vitabu vya duka zima, wasomaji waaminifu, urithi wa mji. Nilizungumza vizuri. Saumu akanisikiliza kwa uso ule ule niliomfundisha kuutumia kwa watu wanaochelewesha vitabu.

"Mama, kanuni inakataa."

"Kanuni ni ya zamani."

"Uliiandika wewe. Na ulinifunza wewe mwenyewe. Uliniambia mkutubi anayepinda kanuni kwa rafiki atapinda rafu kwa adui."

"Nilikuwa najisikia siku hiyo."

"Lakini kuna nafasi," akasema, akinitazama moja kwa moja. "Isipokuwa mwandishi wa nyongeza ajulikane na athibitishe mwenyewe. Mwandishi ni nani, Mama?"

Nina shahada, nina miaka ya kazi, nina meno yangu yote. Nikasema, "Hajulikani."

"Sawa," akasema Saumu. "Akijulikana, anipigie simu. Leo nipo mpaka tufunge."

Niliporudi dukani Kevo alikuwa ameshafika na masanduku. Kijana mwenye heshima, viatu vyeupe ambavyo vilianza kujuta kichochoro chetu. Mbwana alikuwa amemwambia avichukue vitabu, kwa sharti moja: asiwaondolee watu kitabu walichokwisha kukifungua. Ilionekana sharti dogo. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa, watu wamesimama nyuma yao, na kitabu kilichofunguliwa kilikuwa kile cha kwanza kabisa nilichobandika. Masanduku ya Kevo hayangeweza kupita, kwa sababu rafu zote zilikuwa nyuma ya benchi, na benchi lilikuwa linasoma.

"Sasa madam," Kevo akamuuliza Bi Nimwaka baada ya muda, "mko page gani?"

"Ya kwanza."

"Si mlikuwa ya kwanza nikija?"

"Ina maneno mengi. Ni Wajerumani."

Watu wakajikaza wasicheke. Rama, aliyesoma ukurasa ule tangu utotoni, alikuwa ameinama juu yake kama mwanafunzi wa mtihani. Kidole cha Bi Nimwaka kilikuwa kwenye salamu ya kwanza. Kilikaa pale. Mwendesha bodaboda mmoja alipokea simu ya mteja, akamwambia atafute mwingine, yeye yuko kwenye kikao.

"Buda," Kevo akamgeukia Mbwana, "hii story itaisha saa ngapi? Nina fundi ananingoja site."

"Desturi ya duka," Mbwana akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kugeuza."

Lakini niliuona uso wake. Alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Alijua, na sote tulijua, kwamba kesho wangekuja wenye kiwanja, nao hawana desturi. Bi Nimwaka angeweza kuisoma "Salaam aleikum" mpaka magharibi, lakini hangeweza kuisoma mpaka wiki ijayo. Alikuwa ananunua muda, na mtu pekee aliyejua muda ule ni wa nini alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, kama siku ya kwanza.

Nikakumbuka yale majuzuu mawili. Mtu ameuliza swali, na mimi nina jibu lake lenye uzito sawa na swali, jibu la maneno machache, nami namletea historia ya bara zima.

Nikatoa simu, nikampigia Saumu. Nilitaka kutoka nje, lakini nje kulikuwa na pikipiki, na simu yangu mnaijua. Nikaiweka kwa spika hapo hapo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimepiga kwa habari ya vile vitabu."

"Ngoja nichukue kadi ya kupokelea." Karatasi zikasikika duka zima. "Jina la mkusanyo?"

"Mejumaa na wenzake."

"Lugha?"

"Kiswahili."

"Mama, vimechapishwa kwa Kijerumani."

"Kijerumani kiko chini. Kinachosomwa ni Kiswahili."

"Nimeandika. Mahali vilipoandikiwa?"

"Ukunda. Kwenye benchi la nyuma."

Mbwana akasogea. "Muulize kama benchi lenyewe linaingia," akanong'ona, kwa mnong'ono unaosikika mpaka Msambweni.

"Nimemsikia," akasema Saumu. "Lije. Wasomaji watakaa wapi? Mwandishi?"

Hapo ulimi wangu ukafanya kama ulivyozoea. "Sasa, ukitazama kwa undani, hii ni kazi ya watu wengi. Kuna Mbwana, kuna wasomaji, kuna hao wachoraji wa awali, kwa hiyo suala la uandishi..."

"Mama."

"...ni suala pana, ambalo kimsingi..."

"Mama," akasema Saumu, taratibu, "usinifanye pazia."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka kwa pua. Rama alikuwa ananitazama. Mpishi alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushangaa.

"Tulipoanza kuja maktabani ulikuwa unatuambia hivyo kila siku pale kaunta," Saumu akaendelea. "Tukikupita bila kusalimia, tukichelewesha vitabu. Usinifanye pazia. Kisha tunatoka, tunakuja dukani kwa Mbwana, tunamkuta Mejumaa anasema vile vile, kwa vituo vile vile. Nilikuwa mtoto, Mama, sikuwa kipofu. Tulikubaliana tukuache mpaka utakapotaka mwenyewe. Ila kadi siwezi kukujazia. Kanuni inasema athibitishe yeye mwenyewe. Mwandishi ni nani?"

Kevo alikuwa ameweka sanduku lake chini. Nikaishika simu kwa mikono miwili, nikaisogeza mdomoni.

"Mwanakombo Juma Mwinyi," nikasema. "Ni mimi."

Kalamu ikasikika ikiandika, upande wa pili. Mwishoni mwa benchi, bila kuinua macho, Bi Nimwaka akatoa kidole chake kwenye salamu.

"Geuza," akasema.